Gia Uliyopandia

14 Machi

Kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hapa kwetu tu wazima, ukimtoa yule uliyetuletea akiwa amevunjika. Shemeji yako anakusalimu. Binti yangu mkubwa amepata kazi duka la dawa, na wiki moja tu imetosha kumfanya atuandikie dozi sote, hata paka. Mimi bado nafundisha historia kwa watoto wasiotaka kujua yaliyotokea jana, na bado gazeti linanichapisha kila ninapokasirika, maana yake kila wiki.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu unaikata. Barua haikatwi. Utaiweka mezani, utaizunguka siku tatu, mwishowe utaifungua.

Sasa Baba. Nyonga imeungwa, lakini daktari anasema mfupa wa miaka sabini na sita hauna haraka. Nimemlaza chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Mtoto wa jicho amelifunika jicho la kushoto, kwa hiyo magari anayatambua kwa mlio. "Hilo linahitaji mafuta ya injini," anasema. "Huyo anakanyaga klachi kama anaua mende." Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Nikimuuliza habari za mlimani, anageukia ukuta.

Basi nakuuliza wewe. Ulikodi gari refu kama basi, lenye kitanda, jiko na choo, ili mzee avuke mlima amelala, kwa kuwa mguu wake haustahimili saa saba za kukaa. Hiyo ilikuwa akili, na nilikusifu mbele ya watu. Halafu wewe, dereva wa basi, mtu unayelipwa kubeba roho za watu, unampa usukani mzee mwenye jicho moja na nusu ateremke nalo! Kona ya tatu tu kutoka kileleni akaligonga kwenye ukuta wa mlima. Lingeelekea upande wa pili leo ningekuwa namwandikia nani?

Trafiki alikuja Jumanne kuchukua leseni yake. Nilikuwepo.

"Mzee, ni wewe uliyekuwa unaendesha?"

Baba akaitazama dari. "Mwanangu amesemaje?"

"Amesema ni wewe."

"Kama mwanangu amesema hivyo, ndivyo."

Akaitoa leseni chini ya mto. Miaka thelathini na nne kwenye mlima ule ule, na lori la tani kumi, bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Aliuliza swali moja tu: kama atapewa risiti.

Nieleze ulifikiri nini. Kama hukufikiri, nieleze hivyo hivyo.

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliizunguka siku tano, si tatu. Unipe haki yangu. Sisi hatujambo. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili, wakicheka unaona geti mbili zilizoachwa wazi. Wifi yako anashona sare za shule tangu asubuhi, nyumba nzima ina nyuzi. Kazini wametupa basi jipya, linajifunga breki lenyewe kwenye mteremko, dereva unabaki kama mgeni.

Umeuliza kwa nini nilimpa Baba usukani. Aliniomba.

Tulipofika chini ya mlima, pale pa kupimia uzito wa malori, aliamka kitandani akaja mbele akishikilia kabati moja baada ya jingine. Akaketi kiti cha pembeni. Kona ya kwanza nikamwona anakanyaga. Dada, alikuwa anaendesha pale alipoketi! Mguu wa kulia breki, wa kushoto klachi, na gari lenyewe halina klachi. Ungekuwa wewe ungemnyima?

Nikasimama, tukabadilishana. Akaniuliza gia ya pili iko wapi.

"Mzee, gari hili ni otomatiki. Linajichagulia gia lenyewe."

"Linachagua kwa akili ya nani?"

Akauvuta mkono wa gia hadi mbili, akauacha hapo mpaka juu. Magari yalijipanga nyuma yetu kama msafara wa harusi, honi tupu. Yeye hana habari. Kila kona alikuwa na jina lake: hapa kwa fulani, hapa kwa fulani. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ni majina ya madereva walioishia hapo. Ukungu ulipofunguka tukaliona bonde lote, mashamba madogo kama viraka, mto kama uzi uliodondoka. Hakutazama. "Mandhari ni ya abiria," alisema.

Kileleni tukanywa chai kwa mama mmoja mwenye kibanda cha bati, karibu na lile bango kubwa. Baba alikunywa vikombe viwili. Mengine unayajua.

Msalimie. Mwambie mapacha wanamuuliza.

Mdogo wako


3 Mei

Mdogo wangu,

Wapige busu hao wenye mageti. Huku mvua zimekatika ghafla, bomba nalo limeiga mvua, tunachota maji kwa jirani asiyenipenda tangu nilipomwandika. Baba ameanza kusimama kwa magongo. Jana alifika mlangoni, akapumzika, akasema, "Mizani." Ilibidi shemeji yako anieleze kwamba ni utani: lori husimama kwenye mizani.

Barua yako niliisoma mara tatu. Ya kupanda imejaa mpaka mto na viraka. Ya kushuka ni maneno mawili: mengine unayajua. Wewe tangu utoto ukivunja sahani hueleza habari za chakula.

Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu hainisubiri. Nakutumia makala yangu niliyoikata gazetini. Wameiweka juu kabisa, na picha yangu ile ya ujanani. Kichwa chake, "Wazee, Teremkeni Kwenye Usukani". Soma hapa nilipopiga mstari: "Tunawaheshimu wazee wetu mpaka tunawaachia watuue. Hatuthubutu kuwaambia kwamba jicho limekufa, kwa sababu tunaogopa laana kuliko korongo. Nasema haya nikiwa na ushahidi nyumbani kwangu, amelala chumba cha mbele, na ni baba yangu mzazi." Idara ya barabara nimeichapa pia: pale kileleni wameweka bango la mita sita kutangaza mandhari nzuri, wala hawajaweka hata kibao cha kuwaambia watu mteremko una urefu gani. Wanauza macho, breki kila mtu ajijue. Nimepata simu kumi na saba za pongezi.

Nilimsomea Baba yote. Usinipigie kelele. Ukweli unaosemwa nyuma ya mtu ni umbea, ndiyo imani yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umeandika vizuri, Spika. Koma zimekaa."

Hilo jina la Spika, la kelele zangu, hajaniita tangu nikiwa shuleni.

Jambo jingine dogo. Unawajua wale madereva wastaafu watatu wanaokuja Jumamosi kucheza naye drafti. Walikuja na gazeti. Yule mwembamba mwenye kikohozi akasema, "Gia Mbili! Kumbe siku hizi unashuka bila gia?" Wakacheka, unajua wanavyocheka, kwa mabega. Ndilo jina lake kule mlimani, Gia Mbili, kwa sababu aliteremka na gia ya pili: kila mtu alimpita, naye kila mara akafika chini salama. Baba naye akacheka kidogo. Akafungwa michezo miwili, yeye asiyefungwa. Jumamosi iliyofuata aliniambia, "Waambie nimelala." Ilikuwa saa nne asubuhi, naye yuko kitako amevaa shati. Hii ya jana pia niliwaambia amelala. Nadhani hawatakuja tena.

Jibu upesi, kama unaweza jambo lolote upesi.

Dada yako


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako amemaliza sare.

Naomba usiandike tena habari za Baba gazetini. Waandike wabunge, iandike sukari, mwandike jirani yako wa bomba. Baba mwache. Usiniulize kwa nini.

Mkoba wake ulibaki ndani ya gari. Gari liko yadi ya magari mabovu chini ya mlima, upande wenu, watu wa bima bado wanazozana na mwenye gari. Ndani ya mkoba mna miwani yake na redio ndogo. Tuma mtu.

Mdogo wako


6 Julai

Kwako,

Salamu nitazifupisha. Wote wanapumua.

Sikutuma mtu. Nilikwenda mwenyewe.

Yadi yenyewe ni uwanja wa majani na vioo. Mlinzi wake ni mtu wa makamo, anakaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye teksi na mkanda amejifunga. Nilimuuliza, akasema ni mazoea. Akanipeleka kwenye gari lenu. Ubavu mmoja umekunjamana kama kopo la sardini. Ndani sahani zimevunjika, godoro limeota ukungu, kalenda bado inaonyesha Februari. Mkoba ulikuwa chini ya kitanda. Nikaupata, nikawa natoka, macho yakaangukia mkono wa gia.

Uko kwenye D, pale gari linapojichagulia gia lenyewe, si kwenye mbili.

Nikasimama pale. Mimi leseni sina, lakini nimelelewa na yule mtu. Nilipokuwa na miaka sita, kabla hujazaliwa, alinikalisha kwenye lori lake akanifundisha sala yake moja: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Huyu ni mtu aliyekuwa anashuka ngazi za hospitali kwa kunong'ona "mbili, mbili". Nikamuuliza mlinzi kama kuna aliyeugusa.

"Nani auguse, mama? Dashibodi imeuminya. Jaribu."

Nikajaribu kwa mikono miwili. Umekwama kama msumari.

Nikapanda basi mpaka kileleni. Yule mama wa chai yupo bado, na bango lipo. Nikaagiza chai, nikamuuliza kama anakumbuka gari refu jeupe, mzee na mwanawe.

"Nitasahauje? Mzee alinirudishia kikombe akasema chai yangu ina gia."

"Wakati wa kuondoka, nani alishika usukani?"

Akanitazama kama mtu anayepima uzito wa mzigo. "Wewe ni nani wao?"

"Binti."

"Mzee alipanda mlango wa huku," akaonyesha upande wa abiria, "nikamsukuma mimi mwenyewe hapa kiunoni, mguu ulikuwa unamsumbua. Kijana ndiye aliyeshika. Mbona mambo yanajulikana?"

Hayajulikani, nikamwambia. Hayajulikani kabisa. Chai ikanipoa mkononi.

Mdogo wangu, nisikilize. Sikuambii wewe ni mwongo, hilo unalijua bila msaada wangu. Nakuambia ulichofanya. Umechukua kitu kimoja alichokuwa nacho. Hana shamba, hana nyumba. Anahama kwako kuja kwangu na mkoba mmoja. Alikuwa na jina la kushuka salama, basi. Umeligeuza tundu la kujificha.

Na mimi? Mimi jina hilo nililipaka matope gazetini, nikampelekea alale nalo. Miaka ishirini nawafundisha watoto wa watu kuuliza: nani amesema, alikuwepo, ananufaika nini? Siku ya baba yangu mwenyewe sikuuliza hata moja, kwa sababu makala ilikuwa tamu kuandika. Kwa hiyo usidhani nakutupia mawe kutoka kilimani. Tuko bondeni pamoja.

Jana nilimwuliza moja kwa moja: "Baba, ulikuwa unaendesha wewe?" Akaendelea kuipangusa miwani. "Mwanangu amesemaje?" Jibu lile lile. Hatasema. Ataingia nalo kaburini na atalifunga kwa ndani.

Ningeweza kuandika makala nyingine kesho. Sitaandika. Nikikusemea mimi utakuwa umeponea tena kwenye usukani wa mtu mwingine. Mwandikie trafiki, liandikie gazeti, kwa mkono wako. Nasubiri.

Dada yako


25 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Nilianza barua hii mara nyingi. Wifi yako aliokota nne kwenye pipa, akazisoma, akazipanga mezani mbele ya kiti changu, akaenda kulala kwa mamake siku mbili. Amerudi. Alinipa kalamu.

Tulipotoka kwa mama wa chai nilishika mimi. Nikaweka D. Baba akasema, "Kamata ya pili." Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, zama zako zimepita, hili si lori." Nilicheka kwa sauti, Dada, kwa sababu honi za wakati wa kupanda zilikuwa zimenitia aibu na nilitaka kumwonyesha gari linavyokwenda. Kwenye basi langu jipya sikanyagi chochote, linajizuia lenyewe. Nilisahau kwamba lile si basi langu.

Kona ya kwanza nilikanyaga breki, ya pili nikakanyaga na kushikilia. Harufu ikaingia ndani kama mpira unaoungua. Baba akasema tena, "Ya pili." Sikumjibu. Mara pedali ya breki ikazama. Ilizama mpaka chini, laini, kama kukanyaga mto wa kulalia. Sahani zikaanza kuruka kabatini nyuma yetu. Upande mmoja ukuta, upande mwingine hakuna kitu, na bango dogo la hoteli lenye picha ya bonde.

Mimi ni dereva wa miaka kumi na tisa. Mikono yangu iliganda. Baba hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile ya kuomba chumvi, "Lalia ukuta. Lalia ukuta, mwanangu." Akaweka mkono wake juu ya wangu, tukaulalia ukuta wote wawili. Upande uliominyika ulikuwa wake.

Ukitaka kujua nani aliyeendesha zile mita mia za mwisho, ni yeye. Hapo tu ndipo niliposema kweli.

Polisi walipofika, dereva wa lori mmoja aliyekuwa nyuma yetu wakati wa kupanda akawaambia, "Mzee ndiye aliyekuwa ameshika, niliwaona." Neno lile sikulianzisha mimi. Nililikuta limeshasemwa. Askari akanigeukia: "Ni kweli?" Nikaiona leseni yangu, nikawaona mapacha, nikaona basi jipya. Baba alikuwa amelazwa kwenye blanketi hatua mbili kutoka pale. Nikamtazama. Nikasema ndiyo.

Neno moja tu. Wewe umeandika ukurasa mzima kwa neno langu moja.

Ijumaa nilikwenda trafiki. Yule askari alinisikiliza huku anakula karanga, nilipofika katikati akaziacha. Leseni wamechukua, kesi itatajwa mwezi ujao. Kazini wameniweka kuosha mabasi mpaka ijulikane. Madereva wenzangu wananipitishia mabasi yao machafu bila kunitazama, isipokuwa mmoja aliyesema, "Osha na magurudumu, Otomatiki." Jina limenishika.

Ya gazeti nimeifunga humu. Isome, urekebishe koma, uwapelekee. Halafu mweleze Baba. Mimi sijui nianzie wapi kumwandikia mtu aliyesikia kila kitu.

Mdogo wako


16 Septemba

Mdogo wangu,

Wifi yangu mpe salamu zake peke yake, zisichanganywe na zako. Binti yangu ametutia vitamini sote. Bomba linatoa maji.

Barua yako ya gazeti sikuigusa hata koma. Niliipeleka kwa mkono, na chini yake nikaweka yangu ya mistari minne, ya kuomba radhi. Wamezichapa zote mbili ukurasa wa kumi na tisa, baina ya viwanja vinavyouzwa na mganga wa meno. Uongo wangu ulikuwa juu kabisa na picha. Nilimpigia mhariri nikamwambia ninachofikiri. Nadhani sasa natafuta gazeti jingine.

Hata hivyo ukurasa wa kumi na tisa una wasomaji wake. Jumamosi yule mwembamba alisikika akikohoa getini kabla hajabisha. Walikuja wote watatu, wamevaa kama wanakwenda kuposa. Hakuna aliyeomba msamaha. Mwembamba alisimama mlangoni, akasema, "Gia Mbili, umeamka?"

"Nimeamka."

"Basi panga kete."

Aliwafunga mpaka adhuhuri.

Barua yako uliyonitumia mimi nilimsomea jioni ile. Nilimsomea yote, na karanga na sahani. Nilipomaliza, nje likapita lori, akaliacha lipite bila kusema lina ugonjwa gani. Kisha akasema, "Soma tena pale alipocheka."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma.

Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kunisingizia nilimruhusu. Alinitazama kabla hajasema ndiyo, nikafumba macho. Yeye ana watoto, mimi sina safari. Kunicheka sikumruhusu."

Nikamwuliza kama nikuambie usije. Akanikasirikia, mara ya kwanza tangu avunjike. "Nani amesema asije? Aje! Apande basi kama abiria. Kileleni ashuke, anywe chai. Halafu aketi nyuma ya dereva, asitazame bonde, amtazame dereva mkono. Akifika hapa, kabla ya shikamoo, aniambie yule mtu ameshuka na gia gani."

Chumba cha mbele kina nafasi ya godoro moja sakafuni. Nimelitandika.

Dada yako